Ugonjwa Usioamka Mapema

Ndugu zangu wa kwaya, na walimu wenzangu,

Kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake, kanisani, njiani, mlangoni mwa ofisi ya walimu: "Mama Neema, huko Mwanza kulikuwaje?" Na kila mmoja nimemjibu kipande, sauti ikaniishia, nikabaki kumwonyesha kwa mkono kwamba tutaongea. Sasa naona wapo wanaojua habari za basi kuharibika na hawajui za daktari, na wapo wanaojua za daktari wakidhani nilikwenda kwa ndege. Kwa hiyo naandika yote mara moja. Kuandika asubuhi hakunichoshi.

Ilivyoanza mnajua. Miaka miwili iliyopita kope la jicho la kushoto lilianza kushuka kila jioni. Halafu nikaanza kuona vitu viwili viwili. Halafu sauti: naanza sentensi vizuri, katikati inatokea puani, mwisho haipo. Nikitafuna nyama, taya inachoka mpaka naishikilia kwa mkono. Nikicheka, uso unakunjamana kama wa mtu anayelia. Lakini asubuhi naamka mzima, nafundisha darasa la tatu vipindi viwili, na najiuliza kama ya jana niliyaota. Nimetibiwa malaria, taifodi, presha. Miwani jozi tatu ziko kabatini. Mtaalamu mmoja aliandika kwamba nina mawazo mengi. Na kweli nilikuwa nayo. Nani asingekuwa nayo?

Lililoniuma zaidi sikuwahi kumwambia mtu. Mimi na Baba Neema tumeoana miaka ishirini na miwili. Mchana ni mtu wa shambani, wa migomba na kahawa yake, maneno hana. Lakini tukishakula cha jioni ndipo alipokuwa anafunguka. Tulikuwa tunakaa jikoni hadi moto unazimika, tunasema habari za watu, za mwaka tuliooana, za binti yetu Neema aliyeko chuoni, tunabishana hata juu ya mbuzi waliokwisha kufa. Ugonjwa ulipokuja, jioni zile zikafa. Miezi ya kwanza alikaa na mimi. Baadaye, akinawa mikono tu, anachukua koti lake anakwenda kwa jirani kusikiliza redio, anarudi nimeshalala. Jioni sikuwa na sauti ya kumuuliza, na asubuhi nilipokuwa nayo niliona aibu. Nikajiambia kwamba amenichoka. Safari hii yote niliifanya nikiwa na wazo hilo kifuani.

Ya namna tulivyompata daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, ambaye huja kwenye kliniki moja ya binafsi Mwanza Jumamosi chache tu, nayaruka. Mjue tu kwamba miadi ilikuwa Jumamosi saa tatu asubuhi, na kwamba tulipanga kufika Ijumaa ili nilale nipumzike.

Kutoka Kamachumu hadi Bwanga

Nilisindikizwa na wifi yangu Adela, mdogo wake Baba Neema, yule fundi cherehani. Mnamjua mdomo wake. Nilimchagua kwa ajili ya mdomo huo, maana nilijua jioni nitahitaji wa kuazima.

Baba Neema alitufikisha kwenye basi alfajiri. Alipandisha mizigo yetu, akahesabu kama iko yote, akasimama pale chini ya dirisha langu. Basi lilipoanza kutikisika ndipo akasema, "Mwambie daktari kila kitu. Usimfiche."

"Nitamwambia," nikasema. Sauti yangu ya asubuhi ilitoka safi kama ya kengele, na nikatamani angekuwa amepanda aketi karibu yangu walau hadi Muleba, aitumie sauti ile kabla haijaharibika.

Tulikwenda vizuri, Muleba, Kyamyorwa, Chato. Nikawa naongea na Adela kama kasuku. Akaniambia, "Wifi, punguza, utaimaliza." Nikamwambia acha imalizike, leo sina darasa.

Tulipita Bwanga kidogo, basi likalia chini kama mtu anayesaga mawe, likasimama. Giaboksi. Kondakta akatutangazia kwamba fundi anatoka Geita na yuko njiani. Ilikuwa inakaribia saa sita. Baadaye nilijifunza kwamba huyo fundi alikuwa njiani tangu saa sita hadi saa kumi.

Kwa Mama Minza

Karibu na pale basi lilipolala palikuwa na mji wa mama mmoja wa Kisukuma, Mama Minza, mjane wa makamo. Alipotuona tumekaa juani kwenye majani akatuita. "Dada zangu, kalibuni kivulini, huko mtakauka." Akatukalisha kando ya ghala lake la mahindi, akaleta chai, na sahani ya michembe na karanga. Michembe ni vile viazi vitamu vinavyokatwakatwa na kukaushwa. Adela hakuwa amewahi kuvila. Alitafuna kimoja muda mrefu.

Ili na sisi tusionekane wachoyo, Adela akafungua mfuko wa senene wa kukaanga aliokuwa ameuhifadhi tangu msimu uliopita. Mama Minza akarudi nyuma hatua mbili.

"Mnakula panzi?"

"Si panzi, mama, ni senene. Na nyinyi mbona mnakula viazi kama vipande vya ndala?"

Nilidhani tumemkosea. Mama Minza akaangua kicheko hadi akashika ukuta wa ghala. Kisha akamchukua senene mmoja kwa ncha za vidole, akafumba macho, akala. "Wana mafuta," akasema, akachukua wengine.

Ilipofika saa tisa nilihisi kope linaanza kushuka. Nikajua nina muda mfupi. Kondakta alikuja kuandika majina ya wanaotaka kuhamishiwa gari jingine, akaniuliza jina. Nikaanza kulisema, likatoka puani, likavurugika. Akaniangalia lile jicho lililolala, akatikisa kichwa.

"Mama, pombe na safari haviendi pamoja."

Adela alisimama. Siwezi kuandika yote aliyosema, kwa kuwa watoto wa kwaya nao watasoma. Inatosha kusema kwamba kondakta aliomba radhi mara tatu, na abiria wengine wakaanza kuniangalia kwa huruma. Ile huruma ikaniuma kuliko neno la kondakta. Nilitaka kucheka ili kumwonyesha kwamba yamekwisha. Uso ukakunjamana, na watu wakaniambia nisilie.

Mama Minza peke yake hakuniangalia kwa huruma. Alinitazama kama mtu anayetafuta uzi kwenye nguo. Akamwambia Adela taratibu, "Huyu kafungwa na mtu. Hapa si mbali, kuna mzee anafungua mambo ya namna hii. Mdogo wangu alifunguliwa."

"Sisi ni Walutheri, mama," akasema Adela. "Na tuna miadi Mwanza."

"Nendeni. Sijawakataza. Lakini mkishindwa huko, njia mmeijua."

Hakusema kwa ubaya, na aliniwekea michembe kwenye mfuko. Sasa nawaambia ukweli, na mchungaji anisamehe: kama gari la kutuhamisha lingechelewa saa moja zaidi, ningemfuata kwa huyo mzee. Mtu aliyeambiwa miaka miwili kwamba hana ugonjwa hamkatai yeyote anayemwambia kwamba anao.

Geita

Tulifika Geita giza likiingia. Ya Mwanza hayakuwezekana tena siku hiyo. Tukapata chumba, na jirani yake kibanda cha mama ntilie. Akatuletea ugali na sato wa mchuzi, mkubwa, ametulia kwenye sahani kama bwana. Mnajua ninavyopenda samaki. Tonge la kwanza lilishuka. La pili taya ikagoma. La tatu nikaliacha.

Yule mama akaja kusimama mbele yetu, mikono kiunoni. "Chakula changu kina nini?"

Adela akamweleza. Akatusikiliza, akauchukua ugali wangu, akarudi jikoni. Alipotoka alikuwa na bakuli la supu ya yule yule sato, ameichambua nyama ikawa kama uji, hakuacha mwiba hata mmoja. Akaketi kuniangalia ninavyokunywa mpaka bakuli likawa tupu. "Mama yangu alikuwa hivyo alipopata kiharusi," akasema. "Nilikuwa namchambulia." Mimi sina kiharusi, lakini sikuwa na sauti ya kubisha, na sikutaka kubisha.

Adela akampigia kaka yake simu kumpa habari za basi. Aliweka sauti kubwa ili nisikie. Baba Neema akauliza kuhusu basi, akauliza kuhusu chumba, kisha akasema, "Mwambie alale."

Maneno mawili. Nilijifunika shuka na kuyageuzageuza yale maneno mawili. Nilimkumbuka yule mtu aliyekuwa haniachi nilale, aliyekuwa akisema, "Subiri, hili la mwisho," na la mwisho linazaa jingine.

Daraja la Busisi, na foleni ya Usagara

Asubuhi ya Jumamosi tuliondoka Geita saa moja. Nilikuwa na hofu ya miadi ya saa tatu, lakini nilikuwa na sauti, kwa hiyo nilimpigia mhudumu wa kliniki mwenyewe, nikamweleza. Akaniambia, "Jitahidini, mama. Daktari akimaliza orodha yake anaondoka."

Tulipita Sengerema, tukashuka Busisi. Mara yangu ya mwisho kupita pale palikuwa na pantoni tu. Sasa kuna daraja, na gari liliingia juu ya maji kama linaingia barazani. Abiria walitoa simu wakapiga picha. Mimi nilitazama kule chini pantoni zilikokuwa zikitia nanga.

Mwaka tuliooana tulikwama pale na Baba Neema, saa nzima, ya pili, ya tatu. Foleni ilikuwa ndefu. Tulinunua samaki wa kukaanga tukala kwenye gazeti, tukaongea. Sikumbuki tuliongea nini. Nakumbuka kwamba pantoni ilipokuja yeye alisema, "Mbona wamewahi?" Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na sikujua kwamba kukwama na mtu unayempenda ni bahati. Daraja tulilivuka kwa dakika chache. Ni zuri, limewaokoa wagonjwa wengi, nami nilikuwa mgonjwa ninayewahi daktari. Hata hivyo nilitamani lingekuwa refu zaidi.

Karibu na Usagara tukasimama. Lori la ng'ombe lilikuwa limelala ubavu barabarani, na ng'ombe wametawanyika hadi kwenye mashamba ya watu. Hawakuumia sana, ila hawakutaka kukamatwa. Vijana walikimbizana nao, mwenye ng'ombe analia kwa Kisukuma, polisi wanapiga filimbi, na ng'ombe wanakula mahindi ya mtu taratibu kabisa. Saa nne, saa tano, saa sita. Saa sita jua lilikuwa juu ya bati la gari, na joto huwa linaniharakishia ugonjwa.

Mzee mmoja alipanda gari letu kupumzisha miguu, akaketi kiti cha pembeni yangu. Nikamwamkia. "Shikamoo" yangu ilifia kwenye "shi". Mzee akangoja, kisha akamgeukia dereva: "Watu wa siku hizi wanaketi na mtu mzima kama wameketi na gunia."

Adela alikuwa ameshuka kutafuta maji, sikuwa na wa kunisemea. Nikachukua kalamu, nikaandika kwenye kiganja changu: SHIKAMOO BABA. SAUTI INAUMWA. Nikamwonyesha. Alisoma polepole, midomo ikitembea. Akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba sana."

Akavua kofia yake ya majani akanivika kichwani, akashuka kwenda kusaidia kukamata ng'ombe. Njia ilipofunguka saa nane nilimtafuta kwa macho nimrudishie, sikumwona. Niliingia Mwanza na kofia ya mzee nisiyemjua jina.

Kliniki

Hatukupitia chumba cha wageni cha Buzuruga kuweka mizigo kama tulivyopanga. Tulikwenda moja kwa moja, na vikapu, na vumbi. Ilikuwa saa tisa. Mhudumu alitazama kitabu chake.

"Miadi yenu ilikuwa saa tatu."

"Dada yangu," akasema Adela, "tumelala njiani. Tumezuiwa na ng'ombe."

"Na nani?"

"Na ng'ombe."

Yule binti alidhani anatukanwa. Ilichukua muda kueleweshana. Mwisho akasema, "Kaeni. Akikubali mtakuwa wa mwisho. Asipokubali, ni mwezi ujao."

Tukakaa. Watu wakaingia na kutoka. Saa kumi sauti ilikuwa imekwisha kabisa. Saa kumi na moja jicho la kushoto lilikuwa limefungwa na la kulia limeanza. Ukutani niliona saa mbili zimetundikwa, na najua ilikuwa moja. Adela alinifuta mate pembeni mwa mdomo kwa khanga yake, nikaona aibu. Nilimwandikia kiganjani: TWENDE NYUMBANI. TURUDI SIKU NIKIWA VIZURI. Nilitaka daktari anione kama mtu, mwalimu, aliyechana nywele, anayejieleza. Adela alisoma, akakifuta kiganja changu kwa ile khanga, akaendelea kukaa. 

Tuliitwa saa kumi na moja na nusu. Nilitegemea mzee mwenye mvi. Alikuwa mwanamke, pengine hajafika arobaini, na ushungi wa kijivu, amechoka kama mimi. Mzaliwa wa pale pale mjini, alituambia. Adela akaanza kumwomba radhi kwa hali yangu: "Daktari, tumemleta wakati mbaya. Asubuhi angekueleza mwenyewe vizuri kabisa."

Daktari alikuwa ameshainua kalamu. Akaishusha.

"Asubuhi anaongea?"

"Kama redio."

"Na madaktari waliomtibu kabla yangu walimwona saa ngapi?"

Adela akanitazama. Nikaonyesha vidole. Saa mbili. Saa moja na nusu. Mimi ni mtu wa kuwahi foleni, mnanijua.

"Wote asubuhi?"

Wote asubuhi.

Alisogeza kiti chake hadi magoti yetu yakagusana. Akanitaka nitazame juu kwenye kidole chake bila kushusha macho, na kope zikaanguka zote mbili. Akanitaka ninyooshe mikono mbele, ikashuka kama ya mtu anayesinzia. Akanitaka nihesabu kwa sauti, nilifika sita. Kisha akauliza kama kuna barafu. Friji ya kliniki ilikuwa na dawa tu. Adela akatoka mbio bila kuuliza ya nini, akarudi na barafu mbili za ubuyu, zile za mifuko midogo wanazouziwa watoto, nyekundu.

Daktari akacheka. "Nazo ni barafu." Akazifunga kwenye glovu, akaniwekea juu ya jicho la kushoto, akatazama saa yake. Baridi ilinichoma. Dakika mbili ni ndefu.  Alipoziondoa, nilimwona usoni. Nilimwona kwa macho mawili.

"Wifi!" Adela akapiga kelele. "Wifi, jicho! Limefunguka!"

Halafu akaanza kulia, na mhudumu akafungua mlango kuona nani amefariki.

Daktari akaniambia jina la ugonjwa, miasthenia. Aliniandikia kwenye karatasi, nami ninayo hapa. Alisema msuli hungoja taarifa kutoka kwenye mshipa wa fahamu ndipo ufanye kazi. Kwangu taarifa inatumwa, lakini kinga ya mwili wangu imeziba pale inapopokelewa, kwa hiyo kadiri siku inavyokwenda na msuli unavyotumika, ndivyo unavyoshindwa. Mtu akipumzika, nguvu inarudi.

"Ugonjwa huu hauamki mapema," akasema. "Ungefika saa tatu ningemwona mwalimu mzima. Pengine na mimi ningeandika mawazo."

Akauliza kama niliwahi kupewa kwinini. Niliwahi, kwa ile malaria, na ile wiki ndiyo niliyoshindwa hata kumeza mate. Akasema kuna dawa ambazo mgonjwa wa aina hii hapewi, hiyo ikiwemo, akaniandikia orodha ya kutembea nayo. Akasema nikishindwa kupumua au kumeza nisingoje kuche. Akasema damu itapelekwa mbali kupimwa, na Jumatatu nitapigwa picha ya kifua, maana wakati mwingine chanzo ni tezi iliyoko huko. Na akasema, bila kuzungukazunguka, kwamba haya si maradhi ya kupona kwa vidonge wiki mbili. Ni ya kuishi nayo.

Mnaweza kushangaa, lakini nilifurahi. Nilikuwa nimepewa ugonjwa usiopona, na nilitoka pale nikiwa mwepesi, kwa sababu ulikuwa ugonjwa.

Buzuruga, saa mbili kasoro

Kidonge cha kwanza kati ya vile alivyonipa daktari, vya kurudisha nguvu kwa saa chache, nilikinywa kwenye chumba cha wageni, karibu na stendi ya Buzuruga, pamoja na uji. Nje wapiga debe walikuwa wanaita abiria wa mwisho. Adela alikaa kitandani kwake akinitazama kama mtu anayengoja maziwa yachemke.

Baada ya muda, labda robo tatu ya saa, nilimwambia, "Acha kunitazama." Tukatazamana wote wawili. Sauti ile ilikuwa yangu, jioni.

Sikusema zaidi. Nilichukua simu, nikapiga.

"Adela," akapokea Baba Neema, "mgonjwa anaendeleaje?"

"Siyo Adela."

Nikasikia kwa mbali redio ya jirani.

"Ni nani?"

"Umekula nini?"

Mlango ukafungwa na redio haikusikika. "Sema tena."

"Nasema, umekula nini?"

"Sijala."

"Kwa nini?"

"Sijui. Endelea kuniuliza."

Nikamuuliza. Nilimuuliza habari za mbuzi, za mvua, za yule jirani. Alijibu kila kitu kwa kirefu, kama mtu anayeogopa nikiona nafasi nitakata simu. Adela akatoka nje bila kuambiwa. Ndipo nikamuuliza lile lililonikaa miaka miwili.

"Mbona ulikuwa unaondoka? Tukimaliza kula. Koti, halafu huyo."



"Nikikaa ungesema," akasema. "Nakujua. Ungejilazimisha mpaka ukose hata pumzi ya kumeza. Ile siku uliyopaliwa na maji unanisimulia habari ya mkaguzi wa shule, niliogopa. Nikaona bora nisiwepo, upumzike."

"Ningejuaje?"

"Nilidhani unajua."

"Nilidhani umenichoka."

Akasema jina langu la nyumbani, lile ambalo siwaandikii ninyi. Hatukulia. Tuliendelea na habari za mbuzi. Kidonge kilinipa saa tatu na kitu, na tukaitumia yote.

Jumapili hadi Jumanne

Yapo na mengine ya vidonge ambayo sikuyategemea. Tumbo likaniendesha. Jumapili nilikwenda ibada kwenye kanisa la Kilutheri mjini, nikaimba ubeti wa kwanza wa wimbo nilioujua kwa moyo, na katika ubeti wa pili nilitoka mbio kutafuta choo. Mama aliyekuwa jirani yangu alidhani nimeguswa na Roho. Daktari alishaniambia tumbo litazoea, na limeanza kuzoea.

Mchana tulikaa kwenye mawe kando ya ziwa, Adela na mimi na sato mmoja wa kukaanga. Nilimtafuna mwenyewe. Upepo ulitoka upande wa Kagera, na nikawa natazama kule maji yalikoishia na anga, nikijua kwamba nyuma ya hapo ndiko nyumbani, na kwamba sijawahi kupatamani namna ile, hata nilipokuwa bwenini nikiwa mtoto.

Jumatatu picha ilipigwa. Tezi ina uvimbe mdogo. Daktari amepata majibu, na amesema kuna uwezekano wa kufanyiwa upasuaji, tutarudi kulizungumza. Hilo nalo mlikuwa hamjui. Sasa mnajua, na mniombee.

Kamachumu

Jumanne basi halikuharibika, na hakuna ng'ombe aliyeanguka. Kosa lilikuwa langu. Kidonge cha mchana nilikitumia chote kumsimulia mama mmoja wa Chato habari za ugonjwa wangu, kwa furaha tu ya kuweza kusimulia. Cha jioni nilikuwa nimekipanga kwa ajili ya nyumbani, lakini kilikuwa kwenye begi, na begi lilikuwa chini ya mizigo ya watu. Niliposhuka, kope lilikuwa limelala na sauti imekwisha.

Baba Neema alikuwa amesimama pale. Alinitazama usoni, akajua.  Alibeba mizigo, tukapanda kilima.

Alikuwa amepika ndizi mwenyewe, na maharage, ameziponda zangu laini kama za mtoto. Tulipofika nilimeza kidonge, lakini siku nzima ya barabara ilikuwa imenimaliza, na kilinipa kidogo sana. Nilipata sauti ya kumwambia habari za Mama Minza na senene, akacheka. Nilianza za mzee wa Usagara. Katikati ya ng'ombe ikakatika.

Alinawa mikono. Koti lake lilikuwa kwenye msumari pale mlangoni, na nilimwona akilitazama. Nilimwonyesha kwa mkono kwamba aende tu, mimi nalala.

Akavuta kigoda akaketi karibu na moto.

"Basi," akasema, "wale ng'ombe nitawamalizia mimi. Wewe nikikosea tikisa kichwa."

Akaanza. Alikosea sana. Aliwafanya ng'ombe wawe mia, akamfanya mwenye ng'ombe awe Mhaya, na mimi nilitikisa kichwa mpaka shingo ikauma, moto ukazimika, na bado alikuwa anasema.